Wakubwa Wamepanga kwa Wadogo

Tarehe 9 Oktoba 2024 Tropicana mbili za Marekani zilipatwa na yaliyozipata siku moja. Hazina udugu wowote. Ya kwanza ilikuwa hoteli na kasino ya Las Vegas iliyofunguliwa mwaka 1957. Usiku wa manane wenyewe waliilipua kwa makusudi, tena kwa sherehe: fataki zikatangulia, kisha minara yake miwili ikakaa chini ndani ya wingu la vumbi. Ya pili ilikuwa Tropicana Field, uwanja wa besiboli wa St. Petersburg, Florida, uliobeba jina la kampuni ya juisi. Huo hakuna aliyeupangia lolote. Usiku ulipoingia, Kimbunga Milton kilitua kwenye pwani ya Florida na upepo ukalichanachana paa lake la kitambaa, na kulipokucha watu wakaona mbingu pale walipozoea kuona dari. Chini, kwenye nyasi bandia, vilikuwa vimepangwa vitanda vya waokoaji, maana serikali ya jimbo ilikuwa imeuteua uwanja huo uwe kambi yao. Bahati nzuri watu walihamishwa kabla upepo haujafika.

Hoteli ilivunjwa ili pajengwe uwanja mpya wa timu ya Athletics. Paa lilipochanika, timu ya Rays ikabaki haina pa kuchezea. Msimu wa 2025 ulipoanza, timu mbili kati ya 30 za Ligi Kuu ya Besiboli zilikuwa zimepanga kwenye viwanja vidogo vya ligi za chini, kila kimoja cha watu elfu kumi na kitu: moja kwa sababu ya kimbunga, nyingine kwa sababu ya fedha. Kwenye magazeti ya hapa Marekani tuliambiwa sana jinsi wakubwa hao wanavyobanana. Wenye nyumba hawakuulizwa.

Mimi nawaulizia. Naishi Sacramento, California, mji uliowapokea Athletics, na kabla sijaendelea niseme niko upande gani: mimi ni wa River Cats. Hiyo ndiyo timu ndogo yenye uwanja. Mtu wa Tanga kama mimi, niliyekulia kwenye mpira wa miguu, sikuingia kwenye besiboli kwa kupenda rungu na glavu. Niliingia kwa sababu tikiti ya kukaa kwenye nyasi ilikuwa rahisi, watoto walikuwa wadogo, na jioni ya Juni hapa ina upepo wa mtoni unaokufanya usamehe joto la mchana kutwa.

Kwa asiyeujua mchezo huu, mpangilio wake ni kama ifuatavyo. Ligi Kuu ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, nusu yake nyumbani. Ukipiga hesabu, uwanja mmoja unapokea mechi 81 katika miezi sita. Chini ya Ligi Kuu kuna ngazi nne za ligi ndogo zenye timu 120, na kila timu ndogo imefungamana na timu kubwa moja. Timu kubwa ndiyo inayowaajiri wachezaji na makocha wa timu ndogo, inawalipa, inawapandisha na kuwashusha itakavyo. Lakini timu ndogo kwa kawaida ina mmiliki wake mwingine kabisa. Huyo ndiye anayeuza tikiti, soseji na soda, anayetafuta wadhamini wa pale mtaani, na anayekuletea fataki Ijumaa usiku. Kwa hiyo mchezaji ni wa mkubwa, jioni ni ya mdogo.

Mpwa wangu aliyeko Tanga, Yanga wa kufa mtu, nilipomweleza kwa simu hakunipa nafasi ya kumaliza. "Sasa mjomba, hilo nalo la ajabu? Si hata sisi tulihamia Chamazi Mkapa ulipofungwa kwa matengenezo?" Nikamwambia mwanangu, tofauti ipo. Chamazi ni kwa Azam, timu ya ligi hiyohiyo, yenye uwanja wenye hadhi ya ligi hiyo. Hapa mkubwa ameshuka ngazi akaingia kwenye uwanja uliochorwa kwa ajili ya vijana wanaosafiri kwa basi, na amekuja kukaa miaka mitatu.

Uwanja wenyewe unaitwa Sutter Health Park. Ulifunguliwa mwaka 2000 huko West Sacramento, ng'ambo ya mto kutoka katikati ya mji. Ukitoka mjini unavuka kwa miguu Tower Bridge, daraja la rangi ya dhahabu la mwaka 1935, na baada ya dakika chache umefika getini. Unaingiza watu wapatao 14,000, wengine wao wakiwa hawana kiti: nyuma ya uzio wa upande wa kulia kuna kilima cha nyasi, na mwenye tikiti ya huko hutandika alichokuja nacho. Wenzetu hutandika mablanketi. Mke wangu hutandika kanga, na kila mara kuna mama anayesogea kuuliza kitambaa kile kinauzwa duka gani.

Ukikaa kwenye kilima hicho unauona mchezo wa wakubwa kwa ukaribu ambao sidhani kama upo kwenye viwanja vya watu elfu arobaini. Mlinzi wa kulia yuko hatua chache mbele yako, anakupa mgongo. Unamsikia akipigiana kelele na mwenzake wa katikati nani aufuate mpira ulioko hewani. Unaona jinsi kati ya mpira mmoja na mwingine anavyosogea nusu hatua kushoto au kulia kufuatana na nani ameshika rungu. Jambo ambalo televisheni haikuonyeshi, maana kamera iko kwa mrushaji. Mtoto akipiga kelele jina lake, anasikia. Wengine hugeuka.

Kisha tazama upande wa pili, kushoto, nyuma ya uzio. Hapo ndipo vilipo vyumba vya kubadilishia nguo. Kwenye viwanja vya Ligi Kuu, nyuma ya benchi la kila timu kuna njia ya chini kwa chini inayompeleka mchezaji chumbani bila kuonwa na mtu. Mrushaji akiboronga na kocha akamwondoa, hupotelea humo na hasira zake. Anarusha glavu ukutani, anaoga, anatazama video ya makosa yake. Sacramento hakuna njia hiyo. Benchi liko huku, chumba kiko kule mwisho wa uwanja, na katikati kuna nyasi na macho ya watu wote. Aliyeondolewa ama akae bencheni na wenzake, au asubiri zamu ibadilike aukatize uwanja mzima peke yake. Nimewaona wakikatiza, wanaume wanaolipwa mamilioni, wameinamisha kichwa, watu wa kushoto wakiwapigia makofi ya kuwapoza au makofi ya kuwasindikiza, inategemea wamevaa jezi gani. Kwa vijana wa River Cats safari hiyo ni ya kila siku na sijapata kusikia imeandikwa gazetini. Wakubwa walipokuja ikawa habari ya taifa, na wakajengewa jengo jipya la vyumba la ghorofa mbili, kulekule nyuma ya uzio wa kushoto. Mwendo ni uleule.

Wamefikaje hapa? Athletics ni timu ya kuhamahama tangu zamani. Walianza Philadelphia mwaka 1901, wakahamia Kansas City mwaka 1955, kisha Oakland mwaka 1968. Oakland ndiko walikojengea jina: mataji ya dunia ya 1972, 1973 na 1974 mfululizo, na la 1989. Uwanja wao, Coliseum, ulizeeka vibaya, mpaka ukajulikana nchi nzima kwa mabomba ya maji machafu yaliyofurika vyumbani. Mmiliki wa timu, John Fisher, ambaye wazazi wake ndio walioanzisha maduka ya nguo ya Gap, hakuelewana na mji juu ya uwanja mpya. Juni 2023 jimbo la Nevada likapitisha hadi dola milioni 380 za umma kusaidia ujenzi Las Vegas, na Novemba mwaka huo wamiliki wenzake wote wakampigia kura ya ndiyo. Tarehe 26 Septemba 2024 karibu watu 47,000 walijaa Coliseum kuaga. Athletics waliwashinda Texas Rangers 3-2. Baadhi ya watu waliondoka na udongo wa uwanjani ndani ya vikombe.

Tatizo ni kwamba uwanja wa Las Vegas umepangwa kufunguliwa mwaka 2028, na mkataba wa Oakland ulikuwa unaisha 2024. Hapo katikati kuna misimu mitatu ya kutafutiwa pa kulala. Mazungumzo ya kubaki Oakland kwa muda yalivunjika Aprili 2024, na siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba wanakuja kwetu. Kwa nini kwetu na si kwingine? Fuata televisheni. Kituo kinachoonyesha mechi zao kaskazini mwa California kiliripotiwa kuwalipa takriban dola milioni 70 kwa mwaka, fedha ambazo wangezipoteza au kuona zikipunguzwa wakitoka nje ya eneo lake. Sacramento iko ndani ya eneo. Uwanja wa watu 14,000 tu si kitu mbele ya hesabu hiyo. Na kodi ya uwanja? Iliripotiwa kwamba hawalipi. Mwenye uwanja, Vivek Ranadivé, ambaye pia anaongoza timu ya mpira wa kikapu ya Sacramento Kings, ana hesabu zake, nitazifikia.

Hawakutaka hata jina letu. Tangu 2025 timu inaitwa Athletics tu, bila mji mbele yake, jambo ambalo huwezi kulikuta kwa timu nyingine yoyote ya ligi ile. Walichotupa ni nembo ya kushonea begani yenye daraja letu la dhahabu. Bega la pili wameandika Las Vegas. Mgeni anayelala kwako amevaa fulana yenye jina la kule anakokwenda, utamwandalia chai lakini hutamkabidhi ufunguo.

Mechi ya kwanza ilikuwa tarehe 31 Machi 2025, dhidi ya Chicago Cubs. Uwanja ulijaa zaidi ya watu elfu 12, na timu ya nyumbani ikapigwa 18-3. Mshikaji wa Cubs, Carson Kelly, alifanya siku hiyo jambo ambalo wachezaji wengi hustaafu hawajalifanya: katika mechi moja alipiga pigo la kumfikisha kituo cha kwanza, la kumfikisha cha pili, la kumfikisha cha tatu, na la kuuvusha mpira uzio. Mzee mmoja jirani yangu, aliyewafuata River Cats tangu uwanja ulipofunguliwa, alitikisa kichwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Si kwa kipigo. Alikuwa anatazama jinsi nyasi zinavyokanyagwa.

Hizo nyasi zinastahili aya yake. Mwanzoni mpango ulikuwa kuweka nyasi bandia, maana mechi 81 za wakubwa ukijumlisha na 75 za River Cats unapata 156 kwenye uwanja mmoja katika msimu mmoja, na hakuna nyasi hai iliyozoea kazi hiyo. Wachezaji wakakataa. Julai na Agosti hapa kipimajoto kinavuka nyuzi 38 mara kwa mara, na nyasi bandia hunyonya jua mpaka miguu inahisi iko juu ya kikaango. Zikabaki nyasi halisi. Kwa mtunza uwanja maana yake ni kwamba karibu hakuna usiku wa kuziacha zipumue: wakubwa wakisafiri wadogo wanaingia, wadogo wakisafiri wakubwa wanarudi. Zamani, River Cats walipokuwa safarini, uwanja ulilala. Sasa haulali.

Kuhusu wachezaji wenyewe, mkweli zaidi alikuwa mrushaji Luis Severino. Alisaini mkataba wa dola milioni 67 kwa miaka mitatu, mkubwa kuliko wowote katika historia ya timu hiyo hadi wakati huo, kisha katikati ya msimu akasema hadharani kwamba kucheza hapa ni kama kucheza mechi za maandalizi, kwamba hapahisi nyumbani. Alisutwa sana. Lakini takwimu zake zilimtetea: msimu ule alirusha vizuri zaidi ugenini kuliko nyumbani, tena kwa tofauti kubwa. Sehemu ya sababu ni ujenzi wa uwanja. Coliseum ilikuwa na eneo pana pembeni, nje ya mistari, ambako mipira mingi iliyopigwa vibaya ilidakwa hewani na mpigaji akatoka. Hapa viti viko karibu, mpira uleule unaangukia kwa watazamaji na mpigaji anapata nafasi nyingine. Ongeza joto linalousaidia mpira kuruka mbali. Wapigaji hawakulalamika kiasi hicho. Mmoja wao, kijana Nick Kurtz, alimaliza mwaka na tuzo ya mchezaji mpya bora wa American League, nusu moja ya Ligi Kuu.

Na nani anakaa kwenye viti? Hili ndilo linalonichekesha. River Cats walikuwa watoto wa Athletics kuanzia 2000 hadi 2014. Tangu 2015 ni watoto wa San Francisco Giants, majirani na watani wakubwa wa Athletics. Kwa miaka kumi mji huu umelelewa kuwapenda vijana wanaokwenda San Francisco. Athletics wakahamia, basi, kwenye nyumba ya mtoto wa mtani wao. Giants walipokuja Julai 2025, jezi nyeusi na za rangi ya chungwa zilikuwa kila upande, na wenye nyumba rasmi wakaonekana wageni.

Rays huko Florida yaliwakuta makubwa zaidi, maana wao walihamia kwa adui hasa. Mji wa St. Petersburg ulikadiria kuwa kutengeneza Tropicana Field kungegharimu zaidi ya dola milioni 55 na kwamba isingewezekana kumaliza kabla ya msimu wa 2025. Uwanja wa karibu wenye sifa ulikuwa George M. Steinbrenner Field, ng'ambo ya ghuba mjini Tampa, mahali New York Yankees wanapofanyia maandalizi kila Februari na Machi, na nyumba ya timu yao ya ngazi ya chini, Tampa Tarpons. Yankees na Rays wako kundi moja na hawapendani. Steinbrenner ambaye uwanja umepewa jina lake ndiye aliyekuwa mmiliki wa Yankees, na sanamu yake imesimama nje. Vipimo vya ndani vimeigwa kutoka uwanja wa Yankees wa New York. Yankees walimaliza mechi za maandalizi, wakaondoka, na ndani ya siku chache mafundi wakafunika na kubandua maelfu ya alama za Yankees na kuweka za Rays. Sanamu haikuguswa.

Tarehe 28 Machi 2025, mbele ya watu 10,046, Rays waliwafunga Colorado Rockies 3-2. Aliyemaliza kazi alikuwa Kameron Misner, aliyeuvusha mpira uzio kwenye zamu ya mwisho. Hakuwa amewahi kuuvusha hata mara moja katika Ligi Kuu. Mwanzo mtamu. Wiki tatu baadaye Yankees wenyewe wakaja kucheza kama wageni ndani ya uwanja wao.

Uadui waliuvumilia, kilichotia hofu ni mvua. Tropicana Field ilikuwa na paa kwa sababu maalumu: kiangazi cha Florida ni radi kila alasiri na unyevu wa kukulowesha ukiwa umesimama. Steinbrenner Field ni wazi. Ligi ikalazimika kuipindua ratiba: Rays walicheza nyumbani mechi 47 kati ya 59 za mwanzo, wakati hewa ingali nzuri, kisha wakalipia deni hilo kwa kucheza ugenini mechi 69 kati ya 103 zilizobaki. Julai na Agosti walilala kwenye hoteli za watu. Tarpons je? Hao walisukumwa hadi uwanja wa mazoezi ulio jirani, usio na majukwaa ya kueleweka. Nilitafuta habari zao msimu mzima na nilichokipata ni sentensi mojamoja mwishoni mwa makala za wakubwa.

Timu ndogo iliyosukumwa mbali zaidi ni Bisons wa Buffalo, jimbo la New York, na hapo lawama siwezi kumpa mtu. Mwaka 2020, korona ilipofunga mipaka, serikali ya Kanada iliwakatalia Toronto Blue Jays kucheza kwao, maana kila timu mgeni ingetoka Marekani. Walianza kwa kucheza mechi mbili za "nyumbani" ndani ya uwanja wa Washington, wenyeji wao wakihesabiwa wageni. Kisha wakateremka Buffalo, kwenye uwanja wa Bisons, ambao ni watoto wao wenyewe wa ngazi ya juu. Taa ziliongezwa, mahema makubwa yakasimikwa yawe vyumba, na tarehe 11 Agosti 2020 Buffalo ikaona mechi ya Ligi Kuu kwa mara ya kwanza tangu 1915. Kuona ni namna ya kusema, kwa sababu mashabiki hawakuruhusiwa kuingia. Mwaka uliofuata Blue Jays walianzia Dunedin, Florida, wakarudi Buffalo Juni, safari hii watu wakiwemo, na tarehe 30 Julai 2021 wakaingia tena kwao Toronto. Bisons muda huo walikuwa wamepelekwa Trenton, New Jersey, kilomita mamia kutoka kwao. Mzazi alihamia kwa mtoto, mtoto akatolewa na begi lake.

Buffalo inauma zaidi ukijua historia ya uwanja ule. Ulifunguliwa mwaka 1988 na ulichorwa makusudi ili siku moja uongezwe ufikie viti 40,000, kwa matumaini kwamba Ligi Kuu itawapa timu. Mwaka 1991 timu mpya zilipogawiwa, zilikwenda Denver na Miami. Buffalo ilisubiri, ikapata Ligi Kuu kwa mkopo miaka 29 baadaye, stendi tupu.

Seattle nao wana lao. Mwaka 1969 walipewa timu mpya, Pilots, ikawekwa kwa muda kwenye Sick's Stadium, uwanja wa ligi ndogo wa mwaka 1938, wakati uwanja mpya ukipangwa. Siku ya kwanza mafundi walikuwa bado wanafunga viti huku wenye tikiti wakingoja. Watazamaji wakiwa wengi, nguvu ya maji ilikatika, vyoo vikagoma, na wachezaji wageni wakaenda kuoga hotelini. Timu ilifilisika baada ya msimu mmoja na kuuzwa Milwaukee siku chache kabla ya msimu wa 1970.

Hesabu za Ranadivé nilizoahidi ni hizi. Kamishna wa ligi, Rob Manfred, amesema anataka miji miwili mipya ichaguliwe kabla hajastaafu Januari 2029. Sacramento inataka kuwa mmojawapo, na miaka hii mitatu inahesabiwa kama usaili. Haina uhakika, lakini si ndoto tupu. Mwaka 1996, Coliseum ya Oakland ikiwa kwenye ujenzi, Athletics walicheza mechi sita za mwanzo kwenye uwanja mdogo uitwao Cashman Field, na wageni wao wa kwanza walikuwa Blue Jays, ambao hawakujua kwamba siku moja zamu yao itafika. Cashman Field uko wapi? Las Vegas.

Tatizo la usaili wetu ni watu wenyewe. Msimu wa 2025 Athletics na Rays wote walikuwa na wastani wa chini ya watazamaji 10,000 kwa mechi, wa mwisho kabisa ligi nzima. Rays karibu walijaza kila walichokuwa nacho. Sisi hatukujaza. Wenye mji wanasema ni joto, wengine wanasema ni bei. Mimi nadhani watu hawajui wanamshangilia nani.

Lakini tuseme tunafaulu usaili. Mwaka 1958 Giants walipohamia San Francisco walicheza misimu miwili kwenye Seals Stadium, uwanja wa timu ndogo iliyopendwa mno na mji. Timu hiyo, Seals, ilihamishiwa Phoenix mwaka huohuo. Uwanja ulibomolewa Giants walipomaliza kuutumia. Denver ilipopata timu mwaka 1993, Zephyrs wa ligi ndogo walipelekwa New Orleans. Ndiyo desturi: mkubwa akija kukaa, mdogo hufungasha. Katika mikutano ya kuutangaza mji wetu, hilo sijalisikia likitajwa.

Kwa hiyo nikiulizwa, na hakuna aliyeniuliza, ningependa Athletics wamalize miaka yao wakaishi salama Las Vegas, kwenye uwanja wao wa watu 33,000 wenye paa na viyoyozi. Lile jengo la vyumba la ghorofa mbili waliache. Tutalihesabu kuwa ndiyo kodi.